Kabla hajajilipua Kanada, familia iulize kama ataweza kurudi

Kwenye kundi la WhatsApp la familia mjadala huwa mfupi. Kijana yuko Kanada, aliingia kwa viza ya masomo au ya matembezi, kibali kimeisha au kimebakiza wiki chache, na huku nyumbani, Kibosho au Ngaramtoni, watu wanaombwa ushauri na mchango. Mmoja anasema ajilipue, yaani aombe ukimbizi, apate kibali cha kazi. Mwingine kasikia kuna ukazi wa kudumu unaotolewa kwa sababu za kibinadamu, basi aandike aombe huruma. Wa tatu anasema atafute mke mwenye makaratasi. Kigezo cha kuamua ni kimoja: ipi itamwezesha kufanya kazi mapema aanze kutuma hela.

Naamini tunapima vibaya. Njia hizi zinatofautiana kwa mambo mazito kuliko kasi. Zinatofautiana kwa ukweli unaotakiwa kuusema, kwa kinachokupata ukikataliwa, na zaidi kwa swali ambalo mtu wa Kilimanjaro au Meru hawezi kulikwepa: baba akifariki, mtoto ataweza kuja kumzika kisha arudi kazini kwake? Kwa kipimo hicho ombi la kibinadamu lina watu wake, na linawafaa sana. Shida ni kwamba wengi wanaolikimbilia si hao, na wale linaowafaa wanashauriwa kwenda kujilipua.

Msingi wa ombi hilo ni kifungu cha 25 cha Sheria ya Uhamiaji na Ulinzi wa Wakimbizi ya Kanada ya mwaka 2001. Kinamruhusu waziri, na kwa vitendo ni ofisa aliyeshika faili, kumpa ukazi wa kudumu mtu asiyetimiza masharti ya kawaida, iwapo hali yake ya kibinadamu inatosha kuhalalisha msamaha huo. Ofisa anatazama umekaa muda gani, umejishughulisha na nini, una ndugu gani pale, watoto wako wataumia vipi mkiondoka, afya yako ikoje, na ukirudishwa kwenu utakutana na ugumu gani. Hakuna alama za kujumlisha. Maisha yote ya mtu yanawekwa mezani na binadamu mwenzake anaamua.

Kesi iliyolipatia ombi hili uzito ni ya Mavis Baker, mwanamke wa Jamaika aliyeingia Kanada mwaka 1981 kama mgeni, akabaki, akafanya kazi za ndani kwa miaka 11 na kuzaa watoto wanne hukohuko. Aliugua ugonjwa wa akili, na mwaka 1992 akaamriwa kuondoka nchini. Alipoomba huruma, ofisa aliandika maelezo yaliyojaa dharau juu ya ugonjwa wake na idadi ya watoto wake. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya Kanada ilitengua uamuzi huo na kusema kuwa maslahi ya watoto lazima yapewe uzito mkubwa, si kutajwa kwa mstari mmoja na kupitwa. Mwaka 2015, katika kesi ya Jeyakannan Kanthasamy, kijana wa Kitamil kutoka Sri Lanka, mahakama hiyohiyo iliwaambia maofisa wasiligeuze ombi la huruma kuwa shindano la nani anateseka kupindukia. Watazame hali nzima ya mwombaji.

Mtazameni huyo Mavis Baker. Alikuwa na zaidi ya miaka 10 nchini, watoto wanaoijua nchi moja tu, na matibabu aliyoyategemea. Kijana aliyetua Toronto miezi minane iliyopita, hana mke, hana mtoto, wazazi wake wako Machame na nyumba yao ni nzuri, ataweka nini mezani? Kusema maisha ya Tanzania ni magumu hakutoshi. Ofisa atauliza ni magumu kwako kwa namna gani, kuliko kwa wenzako waliobaki.

Nafasi zenyewe zinapungua. Katika mpango uliotangazwa Oktoba 2024, Kanada ilipanga kupokea wakazi wa kudumu 395,000 mwaka 2025 na kushuka hadi 365,000 mwaka 2027. Kundi la maombi ya kibinadamu na mengine yanayowekwa pamoja nayo lilitengewa 10,000 mwaka 2025, 6,900 mwaka 2026 na 4,300 mwaka 2027. Mafaili yaliyokwisha pokelewa ni mengi kuliko hayo, na mwaka 2025 muda wa kusubiri uliokuwa ukionyeshwa na idara ya uhamiaji yenyewe ulivuka miaka 10. Ile ahadi ya mwaka 2021 ya kutafuta namna ya kuwahalalisha wasio na makaratasi iliwekwa kando mwaka 2024, ingawa sauti zinazosambazwa kwenye simu bado zinaitangaza kama habari ya jana.

Katika miaka hiyo ya kusubiri, faili halikulindi. Kuwasilisha ombi hakuzuii amri ya kuondolewa nchini, na maofisa wa mipaka wanaweza kukusindikiza uwanja wa ndege wakati ombi lako bado liko kwenye foleni. Kibali cha kazi hupati mpaka hatua ya kwanza ipitishwe. Ada ya serikali, ilipopandishwa Aprili 2024, ilifika dola za Kanada 635 za kushughulikia ombi na 575 za haki ya ukazi kwa mtu mzima mmoja, kabla hujamlipa wakili. Na ukitoka nje ya nchi, kurudi kutategemea viza mpya. Mtu aliyekaa miaka kadhaa bila kibali hana matumaini makubwa ya kuipata.

Hapo ndipo misiba inapoingia. Ninaishi Moshi na nimesimama kwenye mazishi ambapo mjukuu alinyoosha mkono wenye simu juu ya kaburi, pembeni ya migomba, ili baba yake mkubwa aliyeko Edmonton aone udongo wa kwanza ukimwagwa. Mtandao ukakatika, picha ikaganda kwenye kofia ya mchungaji. Mzee mmoja wa ukoo aliuliza kwa sauti ya chini mkubwa wa nyumba yuko wapi, akajibiwa kuwa ana faili. Mdogo wake akashika jembe badala yake. Siku ile kila mmoja pale alijua kuwa kikao cha familia cha miaka ile, kilichomchagulia njia kwa nusu saa, hakikuligusa jambo hili hata kidogo.

Sasa tuje kwenye kujilipua, maana ndiko vijana wengi wanakosukumwa. Kishawishi kinaeleweka. Dai la ukimbizi likipokelewa kusikilizwa, mwombaji anapata huduma ya afya na anaweza kupata kibali cha kazi wakati anasubiri. Kwa aliyekuwa akilala kwenye sofa ya rafiki, hiyo ni nafuu kubwa. Lakini dai linasikilizwa chini ya kiapo, mbele ya Bodi ya Uhamiaji na Wakimbizi, na linahusu hofu ya kuteswa kwa sababu zinazotajwa na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, au hatari kwa maisha yako. Hadithi ya kununua kwa wakala, iliyotumiwa na watu wengine kabla yako, inaanguka kwa maswali ya dakika 10.

Ikianguka, inaliangukia ombi la kibinadamu pia. Sheria hairuhusu kuwa na dai la ukimbizi na ombi la huruma kwa wakati mmoja, na dai likikataliwa unafungiwa kuomba huruma kwa miezi 12, isipokuwa kwa sababu chache kama maslahi ya mtoto au ugonjwa unaotishia maisha usiotibika kwenu. Miezi hiyo 12 ndiyo serikali inayoitumia kukuondoa. Tena siku utakapokuja kuomba huruma, ofisa atakuwa na maneno yako ya uongo kwenye faili, na huruma ni jambo linalotegemea kuaminiwa. Nimesikia akina mama wenye watoto watatu waliozaliwa Kanada, watu ambao kifungu cha 25 kiliandikwa kwa ajili yao, wakianza kwa kujilipua kwa sababu shangazi alisema ndiyo njia ya haraka. Hilo linaniuma.

Sisemi hakuna mkimbizi wa kweli kutoka kwetu. Baada ya yaliyotokea nchini wakati wa uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, wapo Watanzania wenye hofu ya kweli ya kurudi, na wapo wengine wenye sababu za siku nyingi ambazo hawawezi kuzitaja mbele ya ukoo. Hao waombe ukimbizi, tena waombe mapema. Ombi la kibinadamu si mahali pa kupima hofu ya kuteswa. Ofisa wake anaangalia ugumu wa maisha, hatoi hadhi ya ukimbizi. Na muswada uliopelekwa bungeni Kanada mwaka 2025 ulikuja na sharti kwamba walioingia baada ya Juni 24, 2020 na kudai ukimbizi zaidi ya mwaka mmoja tangu waingie wasipelekwe mbele ya Bodi. Kwa mwenye hofu ya kweli, kuchelewa ni hatari.

Kuna jambo ambalo mawakala hawalitaji kabisa. Aliyepata ukazi wa kudumu kwa njia ya ukimbizi haachiwi kuja Moshi Krismasi kama wengine. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2012, mkimbizi anayerudi kwa hiari kwenye nchi aliyosema anaikimbia, au anayeomba na kutumia pasipoti yake, anaweza kupelekwa mbele ya Bodi ili ulinzi wake ukomeshwe, na ulinzi ukikoma kwa sababu hizo ukazi wa kudumu unapotea nao. Si kila safari inaishia hivyo, lakini mtu anasafiri akiwa na hatari hiyo begani. Hatari inakwisha akipata uraia wa Kanada. Akipata uraia huo, Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inamwondolea uraia wa Tanzania, kwa kuwa nchi yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Hapo atabaki kutegemea hadhi maalum kwa diaspora, ambayo Bunge liliiwekea msingi mwaka 2025 kwa kugusa sheria za uhamiaji na ardhi.

Linganisheni na aliyepata ukazi kwa sababu za kibinadamu, kwa ndoa au kwa kazi. Huyo anabaki Mtanzania mwenye pasipoti yake, anakuja kuzika, anakuja kutoa mahari ya kijana wake, anakaa kihambani, kwenye shamba la ukoo, mwezi mzima akitaka. Kanada inamdai awe ndani ya nchi siku 730 katika kila miaka mitano, basi. Kwa familia inayojali kurudi, tofauti hii ilipaswa kuwa ya kwanza kujadiliwa.

Njia nyingine nyingi zinategemea muda. Aliyepoteza hadhi ya mgeni, mwanafunzi au mfanyakazi ana siku 90 za kuomba irejeshwe. Siku hizo ni dhahabu, na wengi wanazimaliza wakibishana kwenye simu. Ndoa ya kweli nayo ina mlango mpana: tangu mwaka 2005 kuna sera inayomruhusu mwenzi wa raia au mkazi wa kudumu, wakiishi pamoja Kanada, adhaminiwe hata kama kibali chake kimekwisha. Ndoa ya makaratasi ni habari nyingine, kwani udanganyifu ukithibitika adhabu yake ni kufungiwa miaka mitano. Na mwanamke anayepigwa na mume anayeshikilia makaratasi yake asivumilie kwa ajili ya faili. Tangu Julai 2019 kuna kibali maalum cha muda kwa waathirika wa ukatili wa nyumbani, kisicho na ada.

Kwa wenye taaluma kuna mfumo wa alama uitwao Express Entry, ulioanza Januari 2015. Huko Arusha watu wanauziana barua za ajira za Kanada kwa mamilioni, ilhali tangu Machi 25, 2025 barua ya ajira haiongezi alama hata moja kwenye mfumo huo. Kinachoongeza ni Kifaransa. Machi 2025 mwaliko wa wanaojua Kifaransa ulishuka hadi alama 379, wakati waliotegemea uzoefu wa kazi ndani ya Kanada walikuwa wakidaiwa zaidi ya 500. Arusha imejaa watu waliojifunza Kifaransa kwa ajili ya watalii. Kazi ya kuongoza watalii yenyewe haihesabiwi katika ngazi za ujuzi zinazotakiwa, lakini mhasibu au muuguzi mwenye Kifaransa kizuri yuko mbele ya wengi waliokwisha fika Kanada na kuharibu hadhi yao.

Ndiyo maana nasisitiza njia ambayo kikaoni hakuna anayethubutu kuitaja, nayo ni kurudi. Sheria ya Kanada ina amri za kuondoka za aina tatu. Ya kwanza inakupa siku 30. Ukiondoka ndani yake na kuthibitisha kuondoka kwako kwa maofisa wa mipaka, hujafungiwa, unaweza kuomba tena siku nyingine kwa njia ya kawaida. Ukizipitisha, inageuka kuwa amri ya kufukuzwa, na kurudi tena kutahitaji idhini maalum maisha yako yote. Ya kati inafunga kwa mwaka mmoja, au mitano kama kulikuwa na udanganyifu. Kijana aliyerudi ndani ya siku 30, akafanya kazi yake ya taaluma Moshi na kusoma lugha, ana nafasi nzuri kuliko aliyejificha miaka sita akibeba boksi usiku. Kinachomzuia ni sisi. Tumeuza shamba, tumechanga, tumemtangaza kanisani, na akirudi tunamtazama kama aliyeshindwa. Aibu hiyo inawashikilia watu wetu ughaibuni kuliko mapenzi yao ya kukaa huko, na ni juu ya wazazi kuiondoa kwa kumwambia mtoto waziwazi kuwa mlango wa nyumbani uko wazi na hakuna deni atakalodaiwa.

Jambo lingine linalotokea sana huku kwetu ni mtoto aliyefichwa. Kijana anaondoka, ana mtoto aliyemzaa na binti wa jirani kabla ya ndoa, na kwenye fomu ya ukazi anaandika hana mtoto kwa kuogopa maswali ya mke. Kanuni za Kanada zinasema mwanafamilia ambaye hakutajwa na hakukaguliwa wakati mdhamini anapata ukazi wa kudumu hawezi kudhaminiwa baadaye kwa njia ya kawaida. Mwaka 2019 ilianzishwa sera ya kulegeza hilo kwa baadhi ya watu, na ombi la kibinadamu linaweza kuwasilishwa kwa ajili ya mtoto huyo akiwa hukuhuku Tanzania. Hapo huruma ina kazi ya maana sana. Lakini mtoto angetajwa tangu mwanzo, asingelelewa na bibi mpaka anamaliza sekondari akimjua baba kwa sauti.

Basi ushauri wangu kuhusu mchango. Hela ya kwanza ilipie saa moja ya wakili wa Kanada au mshauri aliyesajiliwa na chombo kinachosimamia washauri wa uhamiaji nchini humo, kilichoanza kazi Novemba 2021 na ambacho orodha ya wanachama wake iko wazi kwa yeyote kuitazama. Asiyekuwa kwenye orodha hiyo na si mwanasheria mwenye leseni ya Kanada haruhusiwi kutoza fedha kwa kazi hiyo, awe ameketi Sakina, Arusha, au Toronto. Kijana aende na kila kitu alichowahi kuwaambia maofisa, hata cha aibu, kwa sababu ushauri unaotolewa juu ya nusu ya habari humpeleka pabaya.

Na kama huyo wenu ni mama au baba aliyekaa miaka mingi, watoto wake wanasoma huko, mmoja ana ugonjwa unaohitaji tiba ya mara kwa mara, msimwambie ajilipue. Msaidieni kujenga faili, kwa sababu sehemu ya ushahidi iko huku. Kama tiba ya mtoto haipatikani kwa uhakika, daktari bingwa wa hospitali ya KCMC au ya Mount Meru anaweza kuandika ukweli wa kitaalamu juu ya ugonjwa huo na huduma zilizopo. Mtendaji wa kijiji aandike nani aliyebaki nyumbani na uwezo wao wa kumpokea mtu mwenye watoto watatu wasiojua Kiswahili. Mwalimu, shangazi, mchungaji, kila mmoja aandike anachokijua yeye, kwa maneno yake, bila kunakili barua ya mwenzake, maana barua tano zinazofanana zinaonekana mara moja. Zisitiwe chumvi, uongo mmoja wa jirani mwema unaweza kuhesabiwa kuwa udanganyifu wa mwombaji. Vyeti vya kuzaliwa vitoke RITA, wakala wa serikali wa usajili. Kila barua iwe na tarehe, saini, muhuri kama upo, na namba ya simu inayopokelewa, na ile iliyoandikwa kwa Kiswahili iambatane na tafsiri ya Kiingereza au Kifaransa pamoja na kiapo cha mfasiri.